Ushanga wa Siku ya Kuhama

Mvua za kwanza zikishanyesha kule Kasekese, udongo ulikuwa unatoa shanga. Sina namna nyingine ya kusema. Wakulima waliinua matuta, jembe likageuza bonge, mvua ikalilowesha, na asubuhi kikaonekana kitu cha buluu kimekaa juu ya tope, kidogo kama jicho la ndege, kinatazama. Wazee wa huko walisema zilidondoshwa na wapagazi wa zamani waliopita na mizigo kuelekea ziwani. Wengine walisema ni za makaburi, na hao walizifukia tena bila kusema neno. Lakini akina mama wengi waliziokota, wakazifunga kwenye pindo la kanga, na siku ya kuleta mahindi mjini walipita kwangu Nsemulwa, wakafungua fundo na kuzimimina kiganjani mwangu. Zilikuwa za baridi. Hilo nalikumbuka kuliko hata rangi zake: ubaridi wa kitu kilicholala chini muda mrefu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, reli ikiishia hapohapo kwetu, na treni ilipofika ilihema kwa muda mrefu kama mtu aliyemaliza kupanda mlima. Nikiitazama miaka hiyo sasa naiona kama mtu anayetazama kupitia ushanga ulioinuliwa kwenye jua. Vitu vimekuwa vidogo, vimepata rangi, na havina haraka.

Kazi yangu ilikuwa ukatekista. Nilisomea chuoni nikiwa kijana, na pamoja na Katekisimu na nyimbo, padri mmoja mzee alitufundisha kutengeneza rozari zilizokatika. Alisema tutapelekwa kwenye vigango, makanisa madogo ya vijijini yasiyo na duka jirani, na watu wa huko wanasali mpaka uzi unaisha. Ilikuwa kweli. Kila kigango nilichohudumia watu waliniletea rozari zao kwenye viganja vilivyokunjwa kama wamebeba kifaranga. Nilizitengeneza. Zisizotengenezeka niliziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, maana sikuweza kutupa kitu kilichokwisha kusaliwa. Kopo likazaa makopo. Nilipoacha safari za vigango kwa sababu ya goti, nikabaki na darasa la ubatizo hapa mjini, baiskeli, na rafu nzima ya punje za mti, za mbegu na za kioo.

"Mwalimu," akasema mke wangu siku moja, maana ndivyo alivyoniita tangu tuoane, akitaka kunisifu na akitaka kunigombeza pia, "haya makopo yako yananinyima pa kuweka mchele. Ama uyatupe, ama uyavalishe watu."

Nikayavalisha watu. Misalaba na medali zilizokuwa makoponi nilimpelekea padri, naye akazipokea. Kuhusu punje alisema punje peke yake ni punje, nizifanyie kazi njema.

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza mikufu, bangili na hereni kwa vitu vya zamani. Shanga za Kasekese nilizichanganya na punje za mti. Kwenye mgodi wa zamani kulikuwa na nyaya za shaba zilizobaki kwenye mashine zilizokufa, na watu waliziuza kwa mafungu. Nilizisokota kwa koleo nikapata vipete na shanga za shaba. Vifungo vya makoti ya marehemu, vipande vya kauri za baharini walivyokuwa wakivaa watemi, bangili za bibi zilizovunjika, vyote vilikuja barazani kwangu. Na akina mama walipozoea, vikaja na vile ambavyo katekista hakutegemea kuviona.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alikuja na kapu la dagaa, na chini ya dagaa kitambaa, na ndani ya kitambaa shanga nyekundu zenye moyo mweupe, nzuri ajabu.

"Ni za marehemu bibi yangu, Mwalimu."

"Zilikuwa za shingoni?"

Akatazama ukuta. Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Mwalimu, usimtese mtoto wa watu! Za shingoni zingekuwa ndefu hivyo? Huyo bibi alikuwa twiga?"

Tulicheka mpaka yule mama akasahau aibu yake. Nilizitengeneza zikawa mkufu wa shingoni kweli, akauvaa kwenye Misa ya Pasaka, na kila nilipomwona kwenye kiti chake nilimshukuru Mungu kwa bibi ambaye sikumjua.

Asubuhi ndiyo ilikuwa saa yangu ya kazi. Niliziosha shanga kwa maji ya majivu, nikazianika kwenye ungo. Uzi ulikuwa wa nyavu za ziwani, wenye nguvu, nao niliupaka nta ya nyuki niliyoletewa na warina asali wa msituni. Nta ile ilinukia moshi na maua ya miombo. Nikishika ushanga, nikiupitisha kwenye uzi, Salamu Maria ilipita nao. Sikuipanga. Kidole changu kilijifunza sala kabla hakijajifunza biashara, na sikuona sababu ya kukikataza. Saa ziliyeyuka hapo. Mara nyingine niliinua kichwa nikakuta kivuli cha nyumba kimehamia upande wa pili wa ua na kuku wamelala, na sikuweza kusema nilikuwa wapi.

Kuuza ilikuwa kazi ya mke wangu. Siku za treni alikwenda stesheni amejivika mali yote mwenyewe, shingoni na mikononi mpaka kwenye viwiko, akapita kati ya abiria wanaosubiri kama bibi harusi aliyekosa gari. Mimi nilikaa nyuma yake na koleo, kwa ajili ya kufupisha na kurefusha. Huko stesheni ndiko kosa langu lilikogunduliwa. Aliyeligundua ni muuza vitumbua, mwanamke Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi.

"Mwalimu, hebu njoo," aliniita, ameshika mkufu mmoja. "Hapa kuna ndogo kumi, halafu kubwa moja. Ndogo kumi tena, kubwa moja. Huu je? Vilevile. Na huu. Nikivaa huu si nitajikuta nimebatizwa?"

Mke wangu akaushika, akahesabu, akaketi chini kwa kicheko. Kumbe kila mkufu niliotengeneza, wa buluu, wa shaba, hata wa shanga zile za kiunoni, ulikuwa rozari. Wasafiri wa Tabora na Kigoma walikuwa wameondoka Mpanda wamevaa mafungu ya kumi shingoni bila kujua.

"Basi ununue wewe huo," mke wangu akamwambia muuza vitumbua. "Utasali kwa niaba ya Mwalimu siku akilala."

"Niondolee ndogo moja moja kwanza, niwachanganye malaika," yule akasema, na kweli nikamwondolea, akauvaa miaka mingi.

Nilijaribu kujirekebisha. Nilipanga saba na moja, tano na mbili. Nikiacha kufikiri, mkono ulirudi wenyewe kwenye ndogo kumi na kubwa moja, kama punda anayejua nyumbani.

Miaka ile wafugaji walikuwa wakiingia kwa wingi kutoka kaskazini, na baadhi ya familia za Kisukuma zilikuwa zimejenga pembezoni mwa Misunkumilo, nyumba zimezunguka zizi. Msichana mmoja wa huko alikuwa katika darasa langu la ubatizo. Alikuwa mtulivu, mwenye kuuliza maswali magumu kwa sauti ndogo. Alasiri moja, wakati mvua kubwa zimepamba moto, alibaki wenzake walipoondoka. Alikuwa na bakuli la bati lililofunikwa kitenge.

"Mwalimu, hizi ni za bibi yangu," akasema.

Ndani kulikuwa na shanga za zamani kuliko zote nilizopata kushika, zimechanganyika na vumbi la samadi. Nyeupe zilizogeuka rangi ya jino, buluu iliyofifia, kijani, kipande cha kauri, mbegu, hata mfupa uliotobolewa. Hakuna mbili zilizofanana.

Akanieleza taratibu, nami naandika alivyoeleza. Bibi yake alikuwa anakamua, ndama akarusha kichwa, kamba yake ikanasa uzi shingoni mwa bibi, shanga zikatawanyika zizini. Walichekecha samadi kwa ungo siku nzima. Lakini shanga zile hazikuwa pambo. Bibi huyo, tangu alipoolewa, alikuwa akihama na ng'ombe, kwanza na mumewe, kisha na wanawe, wakifuata majani kuja kusini. Kila mahali walipoishi alipata ushanga mmoja wa pale, kwa kununua, kwa kupewa au kwa kuokota, akauongeza kwenye uzi. Sasa macho yake yalikuwa hayaoni tena. Kila jioni alishika shanga kwa vidole, kuanzia wa kwanza, akawahadithia wajukuu walikotoka, wapi kuna kaburi la nani, wapi wana deni la shukrani kwa nani.

"Na sasa?"

"Sasa anashika shingo, hakuti kitu, ananyamaza. Anasema njia imepotea. Baba alikuwa mdogo, hajui. Baba zangu wakubwa wanajua mwisho tu." Akafunika bakuli, akalifunua tena. "Mimi naolewa baada ya mavuno, Mwalimu, ninakwenda mbali. Nilikuwa sijaishika njia yote. Nilidhani nina muda."

Nilimwambia aniachie bakuli. Niliziosha zile shanga kwa uangalifu niliokuwa nao nikishika vyombo vya altare, nikazianika, nikazitazama. Sikujua mpangilio wake, wala hakuna aliyeujua. Nikafanya ninachojua: nikatengeneza kitu kizuri. Kubwa katikati, ndogo pembeni, rangi zikishuka kama jioni inavyoshuka. Mke wangu alisema ni kazi yangu bora kuliko zote, naye hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Nikaupeleka kwa baiskeli. Bibi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kihenge cha nafaka, mwembamba, miguu ameinyoosha mbele, macho meupe ameyaelekeza zizini kana kwamba anaona. Nilimsalimia kwa Kisukuma changu cha kuombea maji, akacheka, akanyoosha mikono. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Msichana aliketi kati yetu akitafsiri.

Vidole vyake vikaanza kutembea.

"Anasema ni mzuri. Anasema unafaa kumvika bibi harusi."

Vidole vikaendelea, vikasimama, vikarudi nyuma, vikaenda tena. Bibi akasema neno refu. Msichana akaziba mdomo.

"Sema tu," nikamwambia.

"Anasema njia yako inazunguka, Mwalimu. Anatembea kidogo, anakuta kilima. Anatembea tena, anakuta kilima kilekile. Anauliza, nyie watu wa hapa ndivyo mnavyohama?"

Nikauchukua mkufu nikauhesabu. Mungu wangu. Ndogo kumi, kubwa moja.

"Mwambie ndivyo tunavyosali."

Akaambiwa. Alicheka mpaka akakohoa, akapigwa mgongo, akasema kitu huku akifuta machozi.

"Anasema, ndiyo maana hamjahama."

Kisha uso wake ukarudi kuwa wa mtu aliyepotelewa. Akaniomba niufungue uzi. Nikaukata, nikamimina shanga kwenye ungo mapajani mwake. Akazichanganya kwa kiganja muda mrefu, kama anachagua mchele. Akaokota mbili, akazigusanisha karibu na mdomo, akazizungusha, akatikisa kichwa, akaiacha moja, akachukua nyingine. Hiyo nayo hapana. Nyingine tena. Halafu nikasikia sauti ndogo, ya kitu kinachokaa mahali pake. Akanipa zikiwa zimeshikana hivyo hivyo.

Nilizitazama kwenye jua. Nilikuwa nimeshika shanga maisha yangu yote na sikuwahi kutazama pale. Ushanga mmoja ulikuwa umelika upande, umefanya kishimo kidogo kilichoinama. Mwenzake ulikuwa na nundu iliyoinama vilevile. Zilikuwa zimesuguana shingoni mwa mwanamke yule miaka na miaka, kila hatua, kila ndoo ya maji, mpaka kila moja ikapata umbo la jirani yake. Na upande wa pili wa kila ushanga ulikuwa na jirani mwingine.

"Anasema uziache zitafutane," msichana akatafsiri. "Anauliza hujawahi kuona makundi mawili ya ng'ombe yakichanganyikana mtoni? Mjinga anaingia na fimbo. Wewe unakaa pembeni, unasubiri. Kila ng'ombe anakwenda kwa anayemjua."

Basi tukasubiri. Alasiri nyingi za masika yale nilikwenda Misunkumilo, tope likinirukia mgongoni, nta na uzi mfukoni. Mvua ikinyesha tuliingia ndani, ikiacha tulirudi kivulini kwa kihenge. Wao walinipa maziwa ya mgando na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mke wangu aliwapelekea mchele. Mimi nilitumia macho, bibi alitumia mdomo wa chini, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko macho yangu. Mara nyingine jozi ilipatikana upesi. Mara nyingine alasiri nzima ilipita na ushanga mmoja wa buluu, ukikataa kila mwenzake, na hatukuona kuwa tumepoteza kitu. Ng'ombe walirudi na kengele zao, harufu ya mvua na samadi na maziwa ikatuzunguka, na vidole vyetu viwili viwili vikiendelea kuuliza: ni wewe? Ni wewe?

Watu waliniona nikienda. Mzee mmoja wa parokia alinisimamisha nje ya kanisa.

"Katekista, zile shanga unazoshona huko, si za waganga zile?"

"Ni njia ya mtu kwenda kwao," nikamjibu.

"Njia?"

"Kama ulivyoandikiwa wewe ubatizo wako na ndoa yako kule ofisini kwa padri. Yeye ameandika shingoni."

Akafikiri, akasema basi nimsalimie. Namshukuru kwa hilo. Wengine nao wangeweza kusema mengi, ila hawakusema.

Kila jozi ilipokutana, bibi alisema neno fupi, na msichana akanipa vipande. Pa majani ya chumvi. Pa simba aliyemla dume jeusi. Pa mto usio na mawe. Pa jirani aliyetugawia mbegu. Pa kilio. Nilivipokea kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya pili, neno hapa, neno pale, bila kujua kipi kinatangulia. Nyumbani nikifumba macho niliona nchi ambayo sijafika, tambarare, nyeupe, ikipita polepole, na mwanamke kijana ndani yake akitembea nyuma ya ng'ombe.

Kuna mahali hapakufunga. Vipande viwili virefu vilikuwa vimekamilika, lakini nyuso za miisho yao zilikataana. Mmoja ulikuwa na kishimo na mwingine pia una kishimo. Kulikuwa na ushanga uliokosekana hapo kati. Vijana wakachekecha zizi upya, wasipate. Nilitoa kopo langu, nikamwambia bibi nina shanga nyingi za Kasekese, nimtafutie wa kuziba. Msichana alipomtafsiria, akakataa kwa mkono.

"Anasema huo wako haukuwa pale. Anajua ulipo wa kwake." Msichana akaanza kucheka. "Uko tumboni mwa yule ndama. Anasema ndama ndiye sasa anayejua habari za pale, tumuulize akikua. Funga fundo tu, Mwalimu. Yeye atashika fundo."

Nikafunga fundo, nikalipaka nta mpaka likawa gumu kama ushanga.

Uzi ulikamilika wakati wa Kwaresima. Mimi mwenyewe nilimvika bibi. Akaenda nao kwanza kimyakimya, midomo ikitembea. Kwenye fundo akatabasamu. Akafika mwisho, akavuta pumzi ndefu, akarudi mwanzo, na safari hii akaanza kwa sauti. Watoto wakaacha kucheza. Msichana akasogea mpaka goti lake likagusa goti la bibi. Nikamgusa bega anitafsirie, lakini hakunisikia. Nikarudisha mkono wangu. Nikakaa pale nisielewe hata neno, jua likishuka nyuma ya zizi, na sijawahi kushiba maneno kama siku ile.

Alipomaliza nikauliza jambo moja. "Wa hapa Mpanda ni upi?"

Wakazungumza wawili.

"Hakuna," msichana akasema. "Ushanga wa mahali unawekwa siku ya kuhama. Ukiuweka mapema, anasema, unajifukuza. Lakini anataka kuuchagua kabisa. Umekuja na makopo?"

Nilikuwa nayo kwenye baiskeli. Nikafungua yote mbele yake: vioo vya Kasekese, mbegu, kauri. Vidole vyake vilivipita vizuri vyote bila kusimama. Kisha vikasimama kwenye ushanga wa shaba niliousokota mwenyewe, mnene kidogo, una alama za koleo, kazi ya siku za mwanzo ambayo hata mke wangu hakuipeleka stesheni.

"Huu umetoka wapi?"

"Waya wa mgodi wa hapahapa. Nimeusokota mimi."

Akaubonyeza kwenye mdomo. "Anasema ukae nao," msichana akasema polepole. "Anasema usiuuze."

Nikauchomeka kwenye sindano, na sindano nikaichomeka kwenye fremu ya dirisha juu ya meza yangu ya kazi. Ukakaa pale. Asubuhi jua liliufikia kabla ya kunifikia mimi. Abiria mmoja wa treni, mwanamke mwenye haraka, alifuatana na mke wangu mpaka nyumbani kutafuta hereni, akaukazia macho ushanga ule wa shaba na kukataa kitu kingine chochote. Mke wangu, ambaye angeweza kuuza hata mlango wetu, alimwambia, "Huo una mwenyewe, dada," akamwondoa dirishani kwa upole.

Pasaka ikafika. Msichana alibatizwa, nguo nyeupe, maji yakimtiririka mpaka kwenye kidevu. Bibi alikuwa ameketi benchi la nyuma karibu na mlango, ameletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Tuliposali nilimwona vidole viko shingoni, vinatembea. Kanisa zima vidole vilikuwa vinatembea, kila mtu na uzi wake. Sikumwomba Mungu kitu siku hiyo. Nilimshukuru tu.

Baada ya hapo, kila nilipopita Misunkumilo jioni, nilisikia sauti mbili kwenye kivuli cha kihenge, ya bibi ikitangulia, ya msichana ikifuata. Baadaye ikawa ya msichana inatangulia, na ya bibi inasahihisha. Baadaye bibi hakuwa tena na la kusahihisha. Niliteremka kwenye baiskeli nikasikiliza kidogo, nikaendelea na njia yangu.

Mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye kila ua msichana alipokuja. Nilikuwa barazani ninasafisha kopo. Alisimama mbele yangu, na alikuwa amenyoa nywele zote, kichwa kinang'aa, kidogo, kama cha mtoto. Sikuuliza. Mke wangu alitoka, akamwona, akamkumbatia. Kisha msichana akafungua kitenge, akautoa uzi wa bibi, akauweka mezani.

"Amehama," akasema. "Nimekuja kuchukua wa hapa."

Nikachomoa sindano dirishani. Nikafungua mwisho wa uzi, nikaupaka nta mpya. Kabla sijaupitisha ushanga nikamwomba, kama si vibaya, anisomee njia, maana nilikuwa nimeijenga bila kuijua. Akaketi kwenye mkeka. Akaanza, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ndogo ya maswali magumu, na vipande vyangu vyote nilivyokuwa navyo kichwani vikaanza kutafuta majirani zao. Kumbe kilio kilitangulia mto usio na mawe. Kumbe aliyewagawia mbegu ndiye aliyekuja kuwa mkwe. Simba alikuwa mwishoni, karibu na kwetu. Kwenye fundo akasimama, akacheka kama bibi yake, akasema, "Hapa aulizwe ndama." Akaendelea mpaka kwenye ushanga wa mwisho, akainua macho.

"Na hapa kwetu?" nikauliza. "Alikuachia la kusema?"

"Ndiyo." Akaona haya kidogo. "Pa mzee aliyetaka kunizungusha, akakubali kungoja."

Mke wangu akageukia ukuta. Mimi nikainamia kazi, maana macho yalikuwa hayafai kwa sindano. Nikaupitisha ushanga wa shaba taratibu. Salamu Maria ikapita nao, ile yenye saa ya kufa kwetu ndani yake, nami nikaiacha ipite. Nilipouinua uzi kwenye mwanga, kati ya shaba na jirani yake palikuwa na mwanya, mwembamba kama unywele, na jua likapita hapo. Nyuso zao zilikuwa hazijajuana bado. Nikamwambia hivyo, kwamba utakuwa unalegealegea mwanzoni, asiogope, avae tu, afanye kazi zake.

"Nitavaa," akasema.

Nikafunga fundo, nikamvika. Mke wangu akauliza, bila kugeuka, kama nimepaka nta ya kutosha kwa safari ndefu hivyo. Nikamwomba msichana ainamishe kichwa, nikapaka tena.